Ajali Ina Kinga: Jicho, Kioo na Methali Tuliyoitumia Vibaya

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Nimeisikia methali hii katika matanga, katika vituo vya matatu, katika mahubiri na hata katika insha za wanafunzi wa shule za upili, ambao huitia mahali popote palipotajwa gari. Kwa muda mrefu sikuwa na neno nayo. Leo ninalo. Katika makala haya ninanuia kudai kwamba methali hii, jinsi tunavyoitumia barabarani, inatupofusha, na kwamba sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama. Nasema inatupofusha kwa maana mbili. Moja ni ya kitamathali. Ya pili ni ya macho yenyewe, haya mawili yaliyo usoni.

Naomba nianze na kisa. Mnamo Aprili 2018, tulipokuwa mwaka wa tatu, mwenzangu tuliyeshiriki naye chumba alikuwa akirejea chuoni baada ya likizo. Aliabiri matatu mjini Nakuru na, kama vijana wengi, akakimbilia kiti cha mbele kando ya dereva. Mkanda wa usalama ulikuwapo ila kufuli yake ilikuwa imeharibika. Utingo akamshauri aupitishe begani na kuushika kwa mkono, "ili polisi wasitusumbue, ndugu yangu." Akatii. Kabla ya kufika Naivasha gari lao liligonga nyuma ya lori lililokuwa limekwama barabarani bila ishara yoyote. Mkono ulioshika mkanda ukauachilia, na uso wake ukaenda kukutana na kioo cha mbele.

Hakuna aliyekufa. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba dereva na abiria watatu walikuwa wamepata majeraha madogo. Mwenzangu alikuwa mmoja wa hao watatu. Wasamaria wema walikuwa wamemfunga leso kichwani, wakaikaza barabara ili damu isitoke. Katika hospitali ya kwanza alishonwa mkato wa juu ya nyusi, akaambiwa kuwa jicho lingeangaliwa Jumatatu, kwa kuwa daktari wa macho hakuwapo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alipofikishwa mbele ya mtaalamu, ilibainika kwamba kipande cha kioo kilikuwa kimelipasua jicho la kulia na kwamba hakukuwa na lolote la kuokoa. Jicho likatolewa. Hilo ndilo jeraha dogo lililotangazwa redioni.

Wapo watakaosema kwamba alinusurika, na kwamba ashukuru Mungu. Naye hushukuru, tena kila siku. Lakini shukrani haituzuii kuuliza swali. Je, jicho lile lilikuwa limeandikiwa kupotea, au lilipotezwa?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kulielewa jicho na kuyaelewa mazingira ya gari. Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha takriban milimita 24. Konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, ina unene wa karibu nusu milimita tu katikati yake. Muumba aliliweka jicho ndani ya shimo la mifupa, akalizungushia nyusi, shavu na pua kama boma. Boma hilo hufanya kazi nzuri dhidi ya vitu vikubwa: mpira au ngumi huishia aghalabu kwenye mifupa. Lakini boma halizuii kitu chembamba wala chembe iendayo kasi. Kipande cha kioo, ncha ya kioo cha pembeni, kijiti cha kuwashia taa za ishara, kalamu iliyochomekwa juu ya dashibodi, vyote hupita langoni bila kubisha hodi.

Ama kuhusu gari, jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba gari linaposimama ghafla mwili hausimami nalo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 22 kila sekunde. Linapogonga kitu kisichosogea, abiria asiyefungwa mkanda huendelea mbele kwa kasi ile ile mpaka azuiwe na kitu: usukani, dashibodi, kiti cha mbele yake au kioo. Ndipo sehemu za gari, ambazo dakika moja kabla zilikuwa huduma na starehe, hugeuka silaha.

Kioo ndicho kilichokuwa adui mkubwa wa macho kwa miaka mingi, na historia yake ina mafunzo. Magari ya awali yaliwekwa vioo vya kawaida, vile vya dirisha la nyumba, vinavyovunjika kwa makali kama visu. Inasimuliwa kwamba mnamo 1903 mwanakemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Chupa ikapasuka lakini vipande vyake havikutawanyika, kwa kuwa utando wa kemikali iliyokaukia ndani ulivishikilia. Mnamo 1909 alipata hataza ya kioo cha tabaka: vioo viwili vilivyogandamanishwa na utando katikati. Hicho ndicho kizazi cha kioo cha mbele tunachokijua leo. Kikigongwa hufanya nyufa kama utando wa buibui, lakini vipande hubaki vimeshikamana. Vioo vya pembeni na vya nyuma aghalabu ni vya aina nyingine. Hivyo hukazwa kwa joto, na vikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo ndogo zisizo na makali marefu. Chembe hizo haziwezi kukata shingo kwa urahisi, ila jicho ni jambo jingine.

Katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, magari mengi yaliendelea kuwekwa kioo cha kukazwa hata mbele, hadi miaka ya 1980. Kichwa cha abiria kilikitoboa kioo kile, kisha uso ukarudi nyuma ukijikwaruza kwenye ukingo uliobaki. Madaktari wa macho waliijua ishara hiyo: mikato mingi usoni na jicho lililopasuka, wakati mwingine macho yote mawili. Tarehe 31 Januari 1983 sheria ya kuwalazimisha dereva na abiria wa mbele kufunga mikanda ikaanza kutekelezwa nchini humo. Katika miaka iliyofuata, madaktari wa macho waliripoti kupungua kwa kiasi kikubwa majeraha ya kupasuka jicho yatokanayo na kioo cha gari. Barabara zilikuwa zile zile, na madereva walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni ukanda wa kitambaa upitao kifuani. Kama ajali haina kinga, basi kitambaa kile kilikuwa nini?

Nasi Wakenya tuna ushahidi wa nyumbani. Mnamo 2003 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004: mikanda katika kila kiti cha matatu, vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na idadi ya abiria isiyozidi viti. Tunakumbuka jinsi magari yalivyotoweka barabarani siku za kwanza na watu wakatembea kwa miguu hadi kazini. Tunakumbuka pia jinsi abiria walivyokaa kwa adabu, kila mmoja na kiti chake. Lakini baada ya muda mikanda ikawa michafu, kufuli zikafa, na kanuni zikawa za kukumbukwa pale kizuizi cha polisi kinapoonekana mbele. Mnamo Novemba 2018 serikali ilitangaza kuzifufua. Jambo hufufuliwa likishakufa, na sisi ndio tuliolizika. Sote tumewahi kusikia sauti ya utingo ikitangaza, "Fungeni mikanda, askari wako mbele!" Sentensi hiyo fupi ina falsafa nzima ndani yake. Inatufundisha kwamba mkanda ni ushuru wa kumlipa askari, na kwamba hauna uhusiano wowote na uso wa anayeufunga.

Teknolojia ya baadaye ilileta puto la hewa, lile linalojificha ndani ya usukani na dashibodi. Haifai kulisema vibaya. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba maputo ya mbele yaliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya 1987 na 2017. Hata hivyo, puto si mto wa kulalia. Hufura kwa mlipuko, katika muda wa takriban sehemu 30 za elfu ya sekunde. Kiswahili kina msemo wa kueleza upesi usio na kifani: kufumba na kufumbua. Puto hulishinda tendo hilo, maana hufika usoni kabla kope haijawahi kufumba. Mtu aliyekaribia mno usukani hulipokea lingali na nguvu zote, na matokeo yake huweza kuwa konea iliyochubuka, damu iliyovia ndani ya jicho, au retina iliyobanduka. Vumbi litokalo nalo pia huweza kuwa na kemikali inayounguza jicho. Ndiyo maana wataalamu hushauri dereva aketi umbali wa angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na kitovu cha usukani, na mkanda uwe umefungwa, kwani puto lilibuniwa kuwa msaidizi wa mkanda. Halikubuniwa kuchukua nafasi yake.

Kuna na hili la kutisha zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya maputo yaliyotumia nitrati ya amonia kama kilipuzi. Kemikali hiyo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na ikisha kuharibika hulipuka kupita kiasi na kukipasua kikasha chake cha chuma. Badala ya kupokelewa na puto, dereva hurushiwa vipande vya chuma usoni na shingoni. Watu zaidi ya 25 wamekufa kwa sababu hiyo nchini Marekani pekee, na mamia wamejeruhiwa, wengine wakipoteza macho. Kampuni hiyo ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani mnamo 2017 na mwaka uo huo ikafilisika. Magari yaliyoitwa yarudishwe kurekebishwa yalikuwa ya chapa nyingi, zikiwamo zile zinazopendwa sana hapa kwetu.

Tuyatafakari hayo tukiwa Wakenya. Sheria yetu inaruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi hutoka Japani. Gari likishafika huku huishi miaka mingine kumi, ishirini hata zaidi. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya kila siku ya Mombasa, Malindi na Lamu. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kulichukua namba ya fremu ya gari na kuuliza kama puto lake lilibadilishwa? Tunauliza kuhusu unywaji wa mafuta, tunauliza bei ya vipuri, tunagonga bodi kwa kidole. Puto hatuliulizi, kwa maana ajali haina kinga.

Wala si magari madogo pekee. Abiria wa bodaboda asiye na helmeti yenye kioo cha usoni huwekwa wazi mbele ya vishikio vya pikipiki, vioo vya pembeni vya malori na kila changarawe inayorushwa na magurudumu. Mtoto aliyepakatwa kwenye kiti cha mbele ndiye anayelitangulia puto la mzazi wake. Na hata ndani ya gari lenye kila kifaa cha usalama, chupa ya chai, simu na mapambo yanayoning'inia kwenye kioo cha dereva huwa makombora gari linaposimama ghafla.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwa sababu jarida hili ni la wana wa lugha. Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa siku ya mtu ya kufa. Kamusi zetu bado zinaihifadhi maana hiyo ya majaliwa na mauti sambamba na ile ya tukio baya la ghafla. Kwa hiyo tunapoliita tukio la barabarani ajali, neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kufika: lililoandikwa limetimia. Jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ lilitangaza mnamo 2001 kwamba litaacha kutumia neno la Kiingereza lenye maana ya ajali, kwa sababu matukio mengi ya aina hiyo huwa na visababishi vinavyojulikana na vinavyoweza kuzuiwa. Sisemi tulitupe neno letu. Lugha haibadilishwi kwa amri, na neno hili lina kazi zake nyingi njema. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa habari hana sababu ya kuishia hapo. Aseme lori lilikwama bila ishara. Aseme mkanda ulikuwa mbovu. Aseme dereva alikuwa akizungumza kwa simu. Akishayasema hayo, neno ajali litabaki kuwa jina la tukio tu, halitakuwa tena maelezo yake.

Na methali je? Walimu wetu wa fasihi simulizi hutufunza kwamba methali haina maana kamili nje ya muktadha wake. Yamkini hili ndilo jibu. Mwambie mama aliyefiwa kwamba ajali haina kinga, nawe umemfariji. Umemwondolea mzigo wa kujilaumu kwa kumruhusu mwanawe asafiri siku ile. Lakini maneno hayo hayo yakitamkwa kituoni, kabla ya safari, na mtu mwenye gari lisilo na mikanda, si faraja tena bali ni leseni. Methali ya matanga imepelekwa sokoni. Wahenga hawakukosea. Sisi ndio tuliohamisha muktadha. Tena wahenga hao hao walituachia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mbona hii hatuisikii garini?

Upotoshaji wa pili wa kiisimu ni huo wa majeraha madogo. Nani huyapima? Ripota hupima kwa vifo. Asiyekufa wala kuvunjika mguu ameumia kidogo. Jicho halitoi damu nyingi. Mara nyingine halionyeshi chochote kwa nje isipokuwa wekundu na machozi, ilhali ndani retina inabanduka. Mtoto wa jicho na glakoma vinavyotokana na pigo huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Mwenye jicho moja hupoteza sehemu ya upeo wake wa kuona na hutatizika kukadiria umbali. Mwenzangu alitwambia kwamba kwa wiki nyingi alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Kusoma kurasa kumi kulimchosha kuliko zamani kusoma hamsini. Ukipenda, chongo huita kengeza. Nasi tumeipenda sana raha yetu ya kutojali, hata chongo ya mwenzetu tumeiita jeraha dogo.

Upo upotoshaji wa tatu, nao ni wa kimya. Siku ya upasuaji mama yake aliletewa hati ya idhini atie sahihi. Hati hiyo ilikuwa ya Kiingereza cha kitabibu. Mama yule husoma Biblia ya Kiswahili kila asubuhi na haoni haya kusahihisha sarufi ya mchungaji. Aliitazama karatasi, kisha akamgeukia mwanawe aliyefungwa kitambaa usoni.

"Mwanangu, hapa wameandika nini?"

"Mama, wanasema walitoe jicho."

Hivyo ndivyo alivyopata habari: kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Hakuna aliyemweleza kwa nini haikutosha kulishona. Kwa kawaida sababu huwa hii: jicho lililopasuka na kuharibika kabisa likiachwa, upo uwezekano, ingawa ni wa nadra, wa kinga ya mwili kuchochewa na kulishambulia jicho zima lililobaki. Maelezo hayo yanaingia katika sentensi moja ya Kiswahili, nami nimeiandika sasa hivi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya. Mtu anayetia sahihi asichokielewa ameipata haki ipi kati ya hizo mbili?

Kuna historia inayotukumbusha ni kiasi gani hatari hiyo ya jicho la pili ilivyo ya kale. Mnamo 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa msharasi katika karakana ya babake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Maradhi yakahamia jicho la pili, na kufikia umri wa miaka mitano alikuwa kipofu kabisa. Jina lake lilikuwa Louis Braille. Ulimwengu ulipata maandishi ya nukta kutokana na msiba huo, lakini tusijidanganye kwamba kila jicho linalopotea huzaa kipaji. Walio wengi hupoteza jicho, wakapoteza kazi, wakaishia kimya.

Basi tufanye nini? Kwanza, yapo mambo ambayo kila msomaji anaweza kuyafanya safari ijayo. Kataa kiti chenye mkanda mbovu, hata kama ni cha mbele na kina upepo mzuri. Funga mkanda kabla gari halijaondoka, wala usiusubiri mpaka askari aonekane. Mtoto akae nyuma. Ukinunua gari la mtumba, namba ya fremu itafutwe katika orodha ya watengenezaji ya magari yaliyoitwa kurekebishwa.

Pili, tujue la kufanya tukiwa wa kwanza kufika penye mkasa, kwa kuwa katika nchi hii mara nyingi wa kwanza kufika ni mpita njia. Jicho lililopasuliwa halifungwi leso ya kukazwa, kwani kulibinya ni kukamua yaliyomo yatoke nje. Halisuguliwi wala haliwekwi maziwa, mitishamba au tone la dawa ya mtu mwingine. Kipande kilichochomeka haking'olewi. Jicho hufunikwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi kilichoegemezwa kwenye mifupa iliyolizunguka, kisha majeruhi hukimbizwa kwa daktari wa macho siku iyo hiyo. Jicho lililopasuka halingoji Jumatatu. Lakini likiwa limeingiwa na kemikali, iwe tindikali ya betri ya gari au vumbi la puto, na halijapasuka, hapo huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda usiopungua dakika 15, kabla ya safari ya hospitali. Nakiri kwamba mambo haya niliyajifunza baada ya mwenzangu kulipoteza jicho lake. Waliomfunga leso walikuwa na moyo mwema na mikono mepesi. Walichokosa ni sentensi mbili tatu za Kiswahili ambazo hakuna aliyekuwa amewaandikia.

Hapo ndipo linapoingia jambo la tatu, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano, hughani mashairi, huigiza tamthilia na hujadili istilahi mpaka usiku wa manane. Haya yote ni mema na mimi nimeyashiriki. Lakini tumetafsiri hati ngapi za idhini? Tumeandika kadi ngapi za huduma ya kwanza zinazoweza kubandikwa ndani ya matatu, mahali palipobandikwa misemo ya mzaha? Nchi inayopoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, kama takwimu za miaka ya karibuni zinavyoonyesha, haikosi kazi ya kuwapa wataalamu wa lugha. Tushirikiane na wenzetu wa vitivo vya tiba: wao walete maarifa, sisi tulete maneno. Kadi moja, lugha sanifu na nyepesi, maneno mia mbili. Mwanafunzi wa tafsiri aliye mwaka wa pili anaiweza.

Najua watakaonijibu kwamba mja hana uwezo wa kupambana na kudura. Sipambani nayo. Siku yangu ya kufa siijui, wala mkanda hauijui. Ila kuijua siku ya kufa na kuliokoa jicho la kuonea siku zilizobaki ni mambo mawili tofauti, na la pili tumepewa uwezo nalo. Kufuli ya mkanda ule ilikuwa inahitaji kutengenezwa, basi.

Mwenzangu alihitimu, akachelewa mwaka mmoja. Leo anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili. Ameniambia kwamba mwanafunzi akiandika katika insha kuwa ajali haina kinga, hamkati alama. Humwandikia pembeni swali moja tu: "Ilikuwaje?" Kisha humrudishia daftari aongeze aya moja. Nadhani nasi tuanzie hapo. Na maadamu neno kinga katika lugha yetu ni pia kijinga cha moto, tukumbuke waliyotuachia wazee: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mkanda wa abiria mmoja, kadi ya chama kimoja na hati ya hospitali moja, kila kimoja peke yake ni kijinga kinachofuka moshi. Tuviunganishe.